Magari ya Zamani na Kipindi cha Asubuhi: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Redio Lansing

Anayeajiriwa katika kipindi cha asubuhi cha kituo kidogo cha redio hapa Lansing, Michigan, hupewa mambo mengi ya kujifunza tangu siku ya kwanza: ramani ya barabara, orodha ya shule zinazofungwa theluji ikizidi, majina ya timu za sekondari, na matamshi ya vijiji ambavyo hajawahi kuvisikia. Hakuna atakayemwambia kwamba kabla mwezi haujaisha atalazimika pia kuzungumza hewani na mzee mstaafu kuhusu kabureta ya gari lililotengenezwa mwaka 1966, na kwamba mazungumzo hayo, kuliko taarifa yoyote ya habari atakayoisoma, ndiyo yatakayoamua kama wasikilizaji watamkubali. Ushauri huu nawaandikia ndugu zangu wazungumzaji wa Kiswahili wanaoingia katika kazi hii, wengine kutoka Kongo, wengine kutoka Burundi, Kenya na Tanzania, ambao nimewapokea studio wakiwa na sauti nzuri, elimu ya kutosha na hamu ya kazi, lakini wakiwa hawana habari ya jambo hili moja ambalo mji huu hauwezi kuliweka kando.

Chanzo chake ni historia ya mji wenyewe. Ransom Eli Olds alianzisha kampuni yake ya magari hapa Lansing mwaka 1897. Gari lake lililoitwa Curved Dash, lililoanza kuuzwa mwaka 1901 kwa dola 650, halikuwa na usukani wa duara; dereva aliliongoza kwa kana, kama nahodha wa mashua. Olds aligombana na wenye hisa, akaondoka mwaka 1904, kisha akafungua kampuni nyingine katika mji huuhuu na kuiita REO kwa herufi za mwanzo za majina yake. Oldsmobile iliingia chini ya General Motors mwaka 1908 na ikaendelea kuunda magari, zaidi ya milioni 35 kwa jumla, hadi gari la mwisho lilipotoka kiwandani hapa Lansing tarehe 29 Aprili 2004. Barabara kuu ya I-496 inayopita katikati ya mji ina jina la Olds, kwa hiyo kila asubuhi unapotangaza kwamba magari yamekwama 496, unamtaja mtu huyo hata kama hujui.

Sasa zingatia ni nani anayekusikiliza saa 11 alfajiri. Vijana wengi bado wamelala, na walioamka wana simu zao za mkononi. Aliyewasha redio jikoni wakati huo mara nyingi ni mtu aliyefanya kazi ya zamu ya kwanza kiwandani kwa miaka thelathini, ambaye mwili wake umekataa kustaafu na bado unamwamsha kabla ya jogoo. Mtu huyu hakulinunua gari tu. Alifunga milango yake, alipaka rangi bodi yake, au alisimama mwisho wa mstari akikagua taa. Akipiga simu kuzungumzia Oldsmobile ya mwaka 1970, huenda anazungumzia kitu kilichopita mikononi mwake. Ndiyo maana naamini kwamba usahihi katika mambo madogo ya gari ni adabu kwa msikilizaji kabla haujawa suala la ufundi. Mtangazaji asiyejua anasamehewa mara moja, tena kwa furaha, kwa sababu wastaafu hawa wanapenda kufundisha. Anayejifanya anajua hasamehewi, na habari zake hufika kwenye meza za kahawa za mji mzima kabla kipindi hakijaisha saa 3 asubuhi.

Nitoe mfano wa usahihi ninaouzungumzia. Kuna gari la Oldsmobile linaloitwa 4-4-2, nalo utalisikia likitajwa tangu majira ya kuchipua hadi majani yanapoanza kuanguka. Mgeni akiulizwa maana ya tarakimu hizo hukimbilia kusema kwamba ni gari la silinda nne, na hapo simu huanza kulia. Mwaka 1964, gari lilipotoka mara ya kwanza, tarakimu zilimaanisha kabureta yenye midomo minne, gia nne za kubadilisha kwa mkono, na ekzosi mbili. Mwaka 1965 kampuni iliweka injini kubwa zaidi, ya inchi za ujazo 400, na kumruhusu mnunuzi kuchagua gia za otomatiki, hivyo maelezo ya zamani hayakufaa tena. Tarakimu ya kwanza ikafafanuliwa upya kuwa inawakilisha hizo inchi 400, ya pili midomo minne ya kabureta, na ya tatu ekzosi mbili. Kwa hiyo jibu linategemea mwaka, na anayekupigia anajua mwaka wake. Ukiulizwa, uliza kwanza: ni la mwaka gani? Swali hilo fupi litakuheshimisha kuliko jibu refu.

Mwaka wenyewe nao una mtego. Kwa desturi ya viwanda vya Marekani, magari ya mwaka fulani yalianza kuuzwa majira ya vuli ya mwaka uliotangulia, hivyo gari la 1957 linaweza kuwa liliundwa Oktoba 1956 na likabaki kuwa la 1957 kwa kila mtu. Ford Mustang ndiyo iliyovuruga desturi hiyo kwa namna inayozua mabishano hadi leo. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, katikati ya msimu, na wapenzi wake huyaita magari ya miezi ile ya mwanzo kuwa ya mwaka 1964 na nusu, ingawa Ford yenyewe iliyaandikisha yote kuwa ya 1965. Usiingie katika ubishi huo ukiwa umechagua upande. Waachie wasikilizaji wawili wabishane, wewe shika saa.

Namba za utambulisho ni somo linalohitaji jioni kadhaa za kujifunza. Kabla ya mwaka 1981 hakukuwa na utaratibu mmoja wa nchi nzima wa tarakimu na herufi 17; kila kampuni ilikuwa na mfumo wake. Katika magari ya 4-4-2 ya mwaka 1968 hadi 1971, namba huanza na 344, kwa kuwa katika miaka hiyo gari lilihesabiwa kuwa aina inayojitegemea. Kabla ya hapo, na tena mwaka 1972, 4-4-2 ilikuwa nyongeza tu ambayo mnunuzi aliiagiza juu ya gari la kawaida, na namba peke yake haiwezi kuthibitisha chochote. Pontiac GTO ya 1964 ilikuwa hivyohivyo: nyongeza juu ya gari la Tempest LeMans. Matokeo yake ni kwamba yapo magari mengi barabarani yaliyokuwa ya kawaida, yakavikwa alama, injini na rangi za gari la bei kubwa. Mengine wenye nayo husema wazi kuwa ni nakala. Mengine yaliuzwa kwa watu waliodanganywa, na wengine wao hawajui mpaka leo. Kwa sababu hiyo usimwulize mtu hewani kama gari lake ni halisi. Ongea naye kabla, akiwa kwenye laini ya kusubiri, na ukihisi kuna shaka zungumzia rangi, safari na familia. Hakuna sababu ya mtu kugundua mbele ya mji mzima kwamba akiba yake ya uzeeni iliishia kwenye gari la kuigiza.

Kuna kitu nilichoonyeshwa katika gereji ya mstaafu mmoja upande wa kusini wa mji ambacho kila mtayarishaji mgeni angefaa kukiona. Alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma cha gari lake ili kushona ngozi upya. Ndani ya springi za kiti, ikiwa imekunjwa na kuliwa na panya kwenye pembe moja, kulikuwa na karatasi ya kiwandani, ile waliyoitumia wafanyakazi wa mstari kujua gari linalokuja linatakiwa kufungwa nini: namba ya injini, aina ya ekseli, rangi ya viti, redio au bila redio. Wafanyakazi walipomaliza na karatasi hizo waliziacha zilipo, wakati mwingine juu ya tangi la mafuta, wakati mwingine ndani ya viti, na leo karatasi moja ya namna hiyo inaweza kumaliza ubishi ambao namba za gari hazikuumaliza. Mzee aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma kwa sauti mstari kwa mstari, na kila kifupisho alikieleza bila kufikiri. Ukipata nafasi kama hiyo, usikatize. Weka kipaza sauti karibu na mdomo wake, acha karatasi isikike ikikwaruza, na usiseme neno hadi amalize.

Maswali mazuri ni machache na yote ni mepesi. Gari lilikuwa la nani kabla yako? Nani alikuwa akikaa nyuma? Lilikaa wapi miaka ambayo halikutembea, na ni nini kilichokufanya ulitoe? Maswali mabaya ni mawili, nayo hutoka mdomoni haraka kuliko yote. La kwanza ni la bei. Msikilizaji atakuuliza gari lake lina thamani gani, naye mwenzako kwenye kipindi atataka kukisia kwa mzaha. Kataa, kwa kuwa bei za minada ya televisheni ni za magari yaliyochaguliwa, na atakayekosa kuuza kwa bei uliyoitaja atakukumbuka. La pili ni mahali. Usitaje hewani mtaa ambako gari limehifadhiwa, wala usimruhusu mwenyewe autaje, kwa sababu wezi nao wanasikiliza redio. Jina la kwanza na upande wa mji vinatosha.

Juu ya majina, jiandae kwa jambo litakalokukwaza. Sisi tumelelewa kumwita mtu wa umri ule mzee au bwana, na kumtaja kwa jina lake tupu mbele ya watu ni utovu wa adabu. Huku, mstaafu wa miaka themanini atakwambia umwite kwa jina la kwanza, na ukiendelea kumpa heshima zako zote atahisi unamweka mbali. Mwanzo mtaje kwa jina la ukoo, na akikusahihisha mfuate. Lafudhi yako nayo wataiuliza, kwa kawaida bila ubaya wowote. Jibu kwa sentensi moja, kisha rudi kwenye gari. Nimewaona vijana wakiigiza lafudhi ya hapa hadi wakasikika kama watu wasiotoka popote, na nimewaona wengine waliobaki na sauti zao, wakatamka vizuri majina ya magari na barabara, wakazoeleka kabisa. Kinachosumbua masikio ya wasikilizaji ni Mackinac, jina la mahali hapa Michigan, inayotamkwa na sauti ya k mwishoni. Lafudhi yenu ya Bukavu au Kigoma hawana shida nayo.

Mambo ya chama cha wafanyakazi yanahitaji uangalifu wa pekee. Flint iko mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, na huko wafanyakazi wa General Motors walikalia viwanda tangu tarehe 30 Desemba 1936 hadi tarehe 11 Februari 1937, siku 44 za baridi, hadi kampuni ilipokubali kuutambua muungano wao. Utapigiwa simu na watu ambao babu zao walikuwa ndani ya kiwanda cha Fisher Body wakati huo, na pia na watu ambao familia zao zilikuwa upande wa ofisi. Mazungumzo yaliyoanza na bampa ya kromu yanaweza kufika kwenye mgomo, kwenye kufungwa kwa viwanda na kwenye siasa za uchaguzi ndani ya dakika mbili. Huna haja ya kuyazima. Yarudishe kwa mtu mwenyewe: babu yako alikusimulia nini, mlikula nini nyumbani wakati ule? Mtu akizungumzia familia yake, jirani anayetofautiana naye kisiasa ataendelea kusikiliza.

Wengi wa wageni hawajui pia kwamba uhusiano wa magari haya na kituo chetu una sababu ya kiufundi. Redio ya asili ya gari la miaka ya hamsini hupokea mawimbi ya AM tu, nayo ndiyo tunayotangazia. Zile za valvu, yaani taa za kioo zinazohitaji kupata moto kwanza, haziwaki papo hapo. Mwenye gari huzungusha kitufe, kisanduku kidogo cha vaibreta kikaanza kuvuma chini ya dashibodi, taa ya njano ikawaka nyuma ya namba, na baada ya kitambo sauti ikaja polepole. Tazama uso wa redio iliyotengenezwa kati ya 1953 na 1963, utaona alama mbili ndogo za pembetatu kwenye 640 na 1240. Zilikuwa za mpango wa serikali uliojulikana kama CONELRAD: nchi ikishambuliwa, vituo vya kawaida vingezimwa na maelekezo kwa wananchi yangetolewa kwenye masafa hayo mawili tu, ili ndege za adui zisiongozwe na mawimbi ya redio. Mwenye gari atafurahi ukimwuliza kuhusu alama hizo kuliko ukimwuliza kuhusu injini, kwa kuwa kuhusu injini ameshaulizwa na kila mtu.

Kwa upande wetu wa mitambo, ujue kwamba vituo vingi vya AM hulazimika kupunguza nguvu au kubadili uelekeo wa mawimbi jua linapozama, kwa vile usiku mawimbi hayo husafiri mbali angani na kuingilia vituo vya majimbo mengine. Mwezi Desemba jua huchomoza Lansing karibu na saa 2 asubuhi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kipindi cha asubuhi cha majira ya baridi huenda hewani kwa nguvu ndogo, na msikilizaji wa kijiji cha mbali anayelalamika kwamba hakusikii saa 12 lakini anakusikia saa 3 hasemi uongo wala redio yake haijaharibika. Mweleze hivyo kwa upole. Wenye magari ya zamani wanafuatilia hatima ya AM kuliko watu wengi: mwaka 2023 Ford ilipanga kuiondoa AM katika magari mapya, ikabadili uamuzi mwezi Mei mwaka huohuo, na simu tulizopokea katika majuma yale zilitosha kujaza kipindi bila muziki.

Sheria nazo si nyingi kwa mtayarishaji mgeni, ila zinauma. Kanuni za tume ya mawasiliano, FCC, zinadai kwamba kabla hujarekodi simu kwa ajili ya kutangaza, au kabla hujamweka mtu hewani moja kwa moja, umwambie nia yako. Anayepiga mwenyewe kwenye kipindi kinachojulikana kwa kupokea simu huchukuliwa kuwa anajua, lakini wewe unapompigia fundi gereji ghafla ili kumaliza ubishi, lazima umwambie kwanza, si baada ya kumsalimia hewani. Mwanzo wa kila saa taja herufi za kituo na mji wa leseni. Na ukipewa kitu chenye thamani ili utaje biashara ya mtu, iwe tiketi za maonyesho, iwe mafuta ya injini na kubadilishiwa bure, ni lazima uarifu kituo, na wasikilizaji lazima waambiwe kwamba kimelipiwa. Mgeni husahau hili kwa sababu kwetu zawadi ndogo ni salamu. Mpokee mtu kwa heshima, mshukuru, mrudishie kitu chake, au kiandike kwenye daftari la kituo siku hiyohiyo.

Utakapotumwa kurusha matangazo kutoka kwenye maonyesho ya magari, usiguse gari lolote. Usiegemee mlango, usiweke kikombe cha kahawa juu ya boneti, na uangalie kifungo cha mkanda wako kisikwaruze rangi unapopita kati ya magari mawili. Omba ruhusa hata ya kuingiza mkono dirishani na kipaza sauti. Kwa sauti ya injini, wageni hukimbilia nyuma ya ekzosi, wakarudi studio na mngurumo uliopasuka usiofaa kutumika. Simama ubavuni, hatua kadhaa mbele ya gurudumu la nyuma, upepo ukiwa mgongoni kwako, punguza kiwango cha kurekodia kabla injini haijawashwa, na mwombe mwenyewe aanze kwa injini baridi. Uwashaji wa baridi ndio wenye hadithi: anakanyaga mafuta mara moja ili kufunga choki, anageuza ufunguo, stata inalalamika, silinda mbili tatu zinashika kabla ya nyingine, kisha mwendo unapanda na kutulia anapogusa pedali tena. Hakuna gari la leo linaloweza kukupa sekunde hizo ishirini.

Ukishazirekodi, zitumie kwa akili. Honi, matairi yanayolia na ving'ora havifai katika kipindi cha asubuhi hata vikiwa vitamu kiasi gani, kwa sababu nusu ya wasikilizaji wako wanaendesha gari wakati huo, na dereva anayesikia honi kwenye spika hukanyaga breki. Milio ya tahadhari ya dharura ya serikali ndiyo kabisa usiichezee. Kuirusha bila dharura ni kosa la kutozwa faini kubwa.

Kuhusu maisha yenyewe ya kazi sitasema mengi. Utaamka saa 8 au saa 9 usiku, utalala mchana mapazia yakiwa yamefungwa, na ndugu walioko nyumbani watashindwa kuelewa kwa nini hupokei simu saa ambazo kwao ni za mazungumzo. Mshahara wa kituo kidogo ni mdogo, na wengi wetu tuna kazi ya pili. Watangazaji wawili wanaotaniana hewani kuhusu Ford na Chevrolet wana makubaliano yao ya muda mrefu. Usijiingize kwenye utani huo mpaka wakuite, na wakikuita, chagua chapa moja na ubaki nayo. Nami nilichagua Studebaker, iliyofunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, mwezi Desemba 1963, ili nisiwe adui wa mtu yeyote.

Jambo la mwisho la kupanga ni msimu. Barabara za Michigan humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na chumvi hiyo, ambayo sehemu yake huchimbwa chini ya mji wa Detroit wenyewe, hula bodi ya gari hadi mkono ukapita. Hakuna mwenye akili timamu anayetoa gari la zamani kati ya Novemba na Aprili, na mtayarishaji asiyejiandaa hujikuta hana la kuzungumza miezi mitano. Agosti, kinyume chake, utazidiwa. Sheria ya jimbo inayatambua magari yenye umri wa zaidi ya miaka 25 kuwa ya kihistoria, na yenye vibao vya namba vya kihistoria huruhusiwa kutembea kwenda kwenye maonyesho, gwaride na shughuli za klabu, si kwa usafiri wa kawaida. Lakini mwezi mzima wa Agosti yanaruhusiwa kutumika kwa jambo lolote, hivyo utamwona mtu akienda kununua maziwa na Cadillac ya 1959. Jumamosi ya tatu ya mwezi huo hufanyika Woodward Dream Cruise, msafara ulioanza mwaka 1995 kwenye barabara ya Woodward kati ya Ferndale na Pontiac. Panga chumba cha kulala mapema au ondoka Lansing kabla ya alfajiri, kwa kuwa ukichelewa hutapata mahali pa kuegesha.

Kwa hiyo rekodi kwa wingi wakati wa kiangazi, na kila kipande ukiandikie mwaka wa gari, jina la kwanza la mwenyewe na namba yake ya simu, ili uweze kumrudia Januari na kumwuliza anafanya nini gereji. Atakuwa anafanya kitu. Ndio wakati wa kufungua injini, kupaka rangi na kutafuta vipuri, na ndio wakati ambapo mtu huwa mpweke na hupenda kupigiwa simu. Mwishoni mwa majira ya baridi kuna Autorama ya Detroit, iliyoanza mwaka 1953, ambako magari yaliyojengwa upya huonyeshwa ndani ya ukumbi na bora kati ya yale yanayoonyeshwa mara ya kwanza hupewa tuzo ya Ridler. Omba kitambulisho cha waandishi wiki kadhaa kabla, beba betri za akiba za kinasa sauti, na ufike siku ya Ijumaa kabla ya umati, wakati wenye magari bado wamepiga magoti wanafuta vumbi kwenye rimu na wana nafasi ya kuzungumza.